Mpokea Sapatu wa Modrzanka

Asubuhi ile, alipokuwa akimfunga mumewe vifungo vya koti, Leokadia alitaka jambo moja tu: amsikie akimwita Lodzia, jina lake la mapenzi. Mara moja ingetosha. Kesho yake Bogna, binti yao, angempeleka baba yake kwenye nyumba ya wazee ya masista, na huko angeogeshwa na kulishwa na mikono mingine. Na jina lile, ambalo duniani hapakuwa na mtu mwingine aliyebaki wa kulitamka, lingekwenda naye.

"Pani ana mikono baridi," mumewe alimwambia kwa adabu.

Neno hilo, pani. Kwa watu wa kwao, mtu usiyemzoea humwambii "wewe". Unamwita pani, au pan akiwa mwanamume, halafu unamsemesha kana kwamba unamtaja mtu mwingine aliyesimama kando: pani aketi, pani asijisumbue. Majirani huzeeka ndani ya heshima hiyo bila kuivua. Leokadia na mumewe Eustachy waliivua ujanani. Eustachy akaivaa tena majira ya kuchipua yaliyopita, mezani, mbele ya bakuli la supu ya bitiruti. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kusahau njia ya kwenda dukani na kama mama yake yu hai au amekufa, na hayo yote Leokadia aliyameza. Lakini siku ile aliinua uso kutoka kwenye bakuli, akatabasamu kama mgeni mwenye shukrani, akasema, "Pani anajua kupika. Mumewe ana bahati." Leokadia aliinuka akaenda kufungua bomba la maji jikoni, akaliacha limwagike mpaka alipoweza kurudi mezani.

Tangu siku ile hakuwa Lodzia tena.

Garini, wakienda Modrzanka, Bogna alilalamika njia nzima. Alisema baridi itamdhuru baba, na kwamba kesho wana safari ndefu na nguo zenyewe hazijapangwa. Mwisho akasema lile lililokuwa likimkera hasa.

"Mama, unajitesa bure. Baba hakumbuki choo kiko wapi, ndiyo atakumbuka hilo jumba?"

"Choo hakukipenda," Leokadia akajibu. "Jumba alilipenda."

Bogna alicheka bila kutaka, akafuta jicho kwa mgongo wa mkono, akaendelea kuendesha. Siku ya kuwakumbuka wafu ilikuwa karibu. Kando ya barabara wanawake walipanga vyungu vya maua ya makaburini, meupe na ya manjano, na mishumaa ndani ya vikombe vya kioo. Eustachy aliegemeza paji la uso kwenye dirisha akayatazama maua kwa furaha, kama mtu anayepelekwa harusini.

Modrzanka ni jumba la mbao, lenye baraza ya nguzo nyeupe na paa zito lililoshuka kama kofia iliyovutwa juu ya macho. Mbele yake kuna njia ya miti mikubwa, nyuma yake kuna bwawa. Humo alizaliwa na humo alifia yule mshairi ambaye kila mtoto wa shule wa nchi ile amewahi kusimamishwa darasani akamkariri, akakwama katikati. Mashairi yake mazuri zaidi aliyaandika kwa ajili ya binti wa ng'ambo ya bwawa, aliyeahidi kuja jioni moja kwa mtumbwi, asije. Baada ya vita jumba lilikuwa ghala la nafaka, kisha shule, kisha makumbusho. Na makumbusho yalipokuwa bado machanga, yananuka rangi na nta, Leokadia aliajiriwa pale. Hakuwa ametimiza miaka ishirini. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni, na magurudumu yalikuwa yanakosa wateja.

Kazi yake ilikuwa sapatu. Mgeni hakuruhusiwa kuikanyaga sakafu ya Modrzanka kwa viatu vitupu. Alivalishwa juu ya viatu vyake sapatu kubwa za sufu nzito, zenye tepe za kufunga kisiginoni, kisha akaingia akiziburuta. Hivyo kila aliyekuja kumtazama mshairi aliondoka amemng'arishia sakafu. Leokadia alikaa mlangoni kwenye kigoda, kando ya kapu, akatazama miguu, akatoa saizi. Aliwajua watu kuanzia chini. Alijua hakimu aliyevaa soksi zenye matundu, na bibi harusi aliyekuja na viatu vya kuazima, kwa sababu vilimlegea alipoinua kisigino. Jioni alishona tepe zilizokatika kwa uzi mwekundu, kwa kuwa mwekundu ndio uzi uliokuwapo. Kabla ya kufunga mlango alilaza kila jozi tumbo kwa tumbo ili sufu isikusanye vumbi.

Eustachy alikuwa mwongoza wageni. Mwana wa mwalimu, mrefu, masikio yamesimama, na sauti ambayo ungedhani ameiazima kwa mtu mnene zaidi. Yeye alikwenda na wageni, Leokadia alibaki, kwa sababu sheria ya kwanza ya mpokea sapatu ni kutoondoka mlangoni. Miaka yote aliisikia ziara ya Modrzanka kupitia kuta: sauti ya Eustachy katika chumba cha kulia chakula, ikiwa wazi, kisha katika maktaba, ikiwa ndogo, kisha kwenye dirisha la bwawa, ikiwa kama nyuki ndani ya chupa. Chumba cha mwisho, kile cha kulala, maneno hayakumfikia kabisa. Kilichofika ni kicheko. Kila siku, kila kundi, kicheko palepale, halafu sapatu zikisugua sakafu kurudi.

Nao wakirudi walimtazama. Waliketi kwenye benchi, wakafungua tepe, wakamkabidhi sapatu huku wanatabasamu. Leokadia alidhani ni furaha ya miguu iliyofunguliwa. Mama mmoja mnene kutoka upande wa migodi alimfinya shavu kabisa. Alipomuuliza Eustachy wanacheka nini kule ndani, Eustachy alimwambia ni kofia ya kulalia ya mshairi. Kofia yenyewe ilikuwa na kishada kama cha mtoto mchanga, basi akaamini.

Walikuwa pani Leokadia na pan Eustachy mpaka siku moja ya theluji, barabara zilipofungwa na asije mgeni hata mmoja. Eustachy alisimama mbele ya kigoda akauliza kama pani angependa kuzungushwa ndani. Alimchagulia sapatu mwenyewe. Zilikuwa kubwa mno, na Leokadia, aliyevalisha nusu ya nchi, alitembea ndani yake kama bata. Chumba cha kulia, maktaba, yote kwa utaratibu, yote kwa pani. Kwenye dirisha la bwawa, pale ambapo inasemekana mshairi alisubiri mtumbwi mpaka kulipokucha, Eustachy alinyamaza. Akasema, "Lodzia, mimi siwezi kusubiri kama huyu bwana. Mimi nitakuja kukuuliza mwenyewe." Lodzia. Na kukuuliza, wewe. Hawakufika chumba cha mwisho siku hiyo.

Ndiyo maana alimtaka mumewe afike tena kwenye dirisha lile. Alijiambia kwamba huenda jina lilibaki palepale lilipoanguka, limeshikwa mkono na mahali penyewe.

Bogna aliwateremsha mbele ya baraza, akasema anakwenda makaburini kuwawashia babu na bibi mishumaa, atarudi kuwachukua. Mlangoni palikuwa na msichana wa tiketi aitwaye Kinga, mjukuu wa mwashi wa kijijini, ambaye Leokadia alimkumbuka alipokuwa na meno ya mbele yaliyong'oka. Kinga alitoka nyuma ya meza, akawabusu wote wawili mashavuni, hakutaka kusikia habari za tiketi.

Lakini Eustachy hakuingia. Alisimama kizingitini, akaitazama sakafu, akavitazama viatu vyake. Sapatu za sufu ziliondolewa tangu sakafu ilipokarabatiwa. Sasa kulikuwa na zulia jembamba la kukanyagia na kisanduku cha mifuko ya plastiki ya kuvalisha viatu. Kinga alimletea mifuko miwili. Eustachy aliishika kwa ncha za vidole, akamrudishia.

"Pani ni mgeni hapa," akamwambia kwa upole. "Hii ni ya kuwekea samaki."

Kinga aliinamisha uso kuficha kicheko. Leokadia hakucheka. Aliona mguu wa mumewe umesimama hewani juu ya kizingiti, ukarudi nyuma, na akahisi siku nzima ikirudi nyuma pamoja nao. Akauliza zile za zamani zilitupwa wapi.

"Nani angethubutu," Kinga alisema. "Ziko chini ya ngazi."

Alikwenda akaburuta sanduku. Zilikuwamo zote, tumbo kwa tumbo, kama Leokadia alivyoziacha siku yake ya mwisho kazini, zimepauka kidogo, zinanuka vumbi na kondoo. Alichagua jozi ya Eustachy bila kuzipima. Akapiga magoti, jambo ambalo daktari alimkataza, akamfunga tepe kisiginoni. Uzi mwekundu ulikuwa bado unang'aa. Juu ya kichwa chake alihisi mumewe anamtazama, akakaa hivyo ameinama muda mrefu kuliko tepe ilivyohitaji, ili apate nafasi.

"Pani ni mwema," Eustachy akasema.

Basi akainuka, akajifunga na yeye jozi yake, akamshika mkono. Na mara sufu ilipogusa mbao, mgongo wa Eustachy ukanyooka. Akautoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa mkewe, akajiweka koti sawa, akamgeukia yeye na Kinga kama wanavyogeukiwa wageni wengi.

"Mabibi na mabwana wapendwa," alisema, na sauti ilikuwa ileile, "tunaingia katika nyumba ya mtu ambaye hakupenda wageni. Kwa hiyo tutanong'ona."

Kinga aliziba mdomo kwa kiganja.

Alikwenda mbele akiburuta miguu, nao wakamfuata. Katika chumba cha kulia alieleza habari za jiko la vigae ambalo mshairi alichomea mashairi mabaya. Akaongeza, kama alivyoongeza siku zote, kwamba majira ya baridi yalikuwa marefu na nyumba haikuwahi kukosa joto. Katika maktaba alinyoosha mkono kwenye rafu ya juu, akafungua kinywa, na neno halikuja. Mkono ulibaki juu. Macho yake yalianza kuhangaika kutoka rafu hadi rafu, na Leokadia aliijua hofu ile, ndiyo iliyomwamsha Eustachy alfajiri akauliza nyumba hii ni ya nani.

"Samahani, pan mwongozaji," akasema haraka, kwa sauti ya mgeni. "Na yule binti wa ng'ambo ya bwawa, alikuja?"

Eustachy alishusha mkono. Hofu ilimtoka usoni.

"Pani ana haraka," alisema. "Wote wanaouliza hilo wana haraka. Twende dirishani."

Wakaenda. Dirisha lilikuwa lilelile, na vioo vya kale vyenye mawimbi ndani yake, na nyuma ya vioo bwawa la kijivu lililojaa majani. Leokadia alisimama mahali alipokuwa amesimama siku ya theluji. Alijua ubao wenyewe, ule wenye fundo kama jicho. Eustachy alisimulia habari za mtumbwi usiokuja, vizuri, bila kukosea, kisha akanyamaza. Akamgeukia. Walikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kumfuta chembe ya mkate iliyobaki kwenye sharubu. Leokadia akaweka mkono kwenye kizingiti cha dirisha asianguke.

Eustachy aliutazama ule mkono.

"Pani asiegemee dirisha," akasema. "Ni la zamani."

Akauondoa. Akasema samahani. Kinga alikuwa ameangalia pembeni. Hapakuwa na la kusubiri tena, na Leokadia angetoka wakati ule, angekwenda kukaa garini, lakini Eustachy alikwisha kuanza kusogea, na mtu hawezi kumwacha mwongozaji katikati ya ziara. Akamfuata hadi chumba cha mwisho. Aliwahi kukifagia, kukipiga nta, kukifukuzia nondo. Hakuwahi kukisikia.

Eustachy alionyesha kitanda kifupi, kwa kuwa watu wa zamani walilala nusu wameketi. Alionyesha kofia yenye kishada, wala hakuifanyia mzaha wowote. Alisema tu kwamba mshairi alikufa ameivaa. Kisha akawasogelea, akachungulia mlangoni kama anayehakikisha hakuna anayesikia, akashusha sauti.

"Na sasa, wapendwa, ziara imekwisha. Sapatu mtazirudisha kwa msichana aliyeketi mlangoni. Anaitwa Lodzia. Naomba mmtazame vizuri, kwa sababu nitamwoa. Yeye bado hajui. Kwa hiyo msimwambie kitu, mtabasamu tu na mtoke."

Akasubiri kicheko. Hakikuja, na uso wake ukaanza kuingiwa na wasiwasi, mpaka Leokadia alipocheka. Alicheka kwa ajili yake, mahali panapostahili, kama walivyocheka hakimu mwenye soksi za matundu na bibi harusi mwenye viatu vya kuazima. Alicheka mpaka ikambidi ashike nguzo ya kitanda, jambo lililokatazwa, na Eustachy akamsamehe.

"Alisema hivyo kila siku?" Leokadia alimuuliza Kinga kwa sauti ya chini, Eustachy alipotangulia. "Hata tulipokwisha kuoana?"

"Sisi tulipokuja na shule alisema nyingine. Alisema, anaitwa Lodzia, aliniambia ndiyo, mpaka leo sijui kwa nini, mkamchunguze." Kinga alijifuta pua. "Tulidhani pani anajua. Kijiji kizima tunajua."

Leokadia aliwaona wote mara moja, miguu yote ile ikirudi, nyuso zote zile zikiinuka kutoka kwenye tepe kumtazama. Miaka yote alikuwa ameketi mwishoni mwa sentensi ya mumewe na hakuisikia.

Akaongeza mwendo kadiri sapatu zilivyomruhusu, akawapita, akafika mlangoni kabla yao. Kigoda kilikuwapo, kimewekewa chungu cha ua. Alishusha ua, akaketi, akavuta sanduku kando ya goti lake la kulia, mahali pa kapu. Akajipapasa nywele.

Eustachy alikuja na kuketi kwenye benchi. Alifungua tepe mwenyewe, vidole vikikosea na kurudia, akazishika sapatu zote mbili kwa visigino, akamnyooshea. Leokadia akazipokea. Mumewe alimtazama, akatazama kigoda, akamtazama tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika nyumbani akakuta kufuli si lake.

Akainama karibu.

"Pani aniwie radhi," alinong'ona. "Kuna msichana hukaa hapa."

"Ametoka kidogo."

"Atarudi?"

"Hakwenda mbali."

Eustachy alifikiri. Nje honi ya Bogna ililia mara moja, kwa unyonge, kama inayoomba msamaha.

"Akirudi, pani asimwambie kitu. Lile nililosema kule ndani. Bado hajui."

"Anajua," Leokadia akasema.

"Nani kamwambia?"

"Wageni."

Eustachy alitikisa kichwa, lakini masikio yake yalikuwa mekundu, kama zamani. "Wageni hawaweki siri," alisema. Kisha, bila kumtazama: "Na yeye akasemaje?"

Leokadia alikuwa ameshika sapatu mapajani. Aligeuza moja, akailaza juu ya mwenzake, tumbo kwa tumbo, akazungusha tepe.

"Alisema pan asikawie," akajibu. "Alisema anasubiri."

Mumewe aliitika kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia na hataki kuyasahau. Kinga alimsaidia kuinuka na kumshusha ngazi za baraza hadi garini. Leokadia aliiweka ile jozi juu kabisa ya nyingine, akafunga sanduku, akarudisha ua kwenye kigoda. Alikuwa amekwisha kutoka barazani na kufika njia ya miti, majani yakisukumwa mbele yake na upepo, alipohisi miguu mizito, akaitazama. Alikuwa bado amevaa sapatu zake.

Hakurudi. Bogna alimfungulia mlango, akaziona, akamshika kiwiko kumsaidia. Leokadia akaingia nyuma, akaketi kando ya mumewe, ambaye alisogea kumpisha mahali, kwa adabu.